Bastola ya kwanza huchaguliwa kuanzia ukumbini

Shemeji yangu ana duka la jumla la nafaka Ngamiani, hapa Tanga. Jioni moja, akiwa anafunga hesabu, vijana watatu waliingia na mapanga wakaondoka na mauzo ya siku nzima. Hakuguswa, lakini tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Wiki haijaisha akanipigia simu: "Shemeji, wewe una bastola miaka yote hii. Niambie ninunue ipi, nimalize."

Swali lilikuwa fupi, jibu langu lilichukua miezi. Watu wengi huanzia pale alipoanzia yeye, kwenye jina la bastola. Wameiona kwenye filamu, au rafiki anayo, au wamesikia kwamba Glock ndiyo ya polisi wa nchi nyingi. Jina ni jambo la mwisho kuamuliwa. Kabla yake kuna nyumba unayoishi, mkono ulio nao, nguo unazovaa, na kwa sisi watu wa pwani kuna chumvi iliyo hewani. Ukishavipima hivyo vinne, bastola za kuchagua zinabaki chache sana.

Sheria nayo inachagua nawe. Hapa Tanzania silaha ni ruhusa inayoombwa kwa sababu, si haki inayodaiwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na mwenendo mwema, na awe na cheti cha umahiri kinachoonyesha kwamba amefundishwa kutumia silaha. Silaha za kivita hazimhusu raia. Ombi huanzia serikali ya mtaa, hupanda kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, hadi kwa msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi. Watu hulalamikia urefu wa safari hiyo. Mimi naiona hatua ya mtaa kuwa ya maana kuliko zote, maana mtaani ndiko wanakojua nani humpiga mkewe na nani akilewa hutafuta ugomvi.

Sheria nyingine inayobeba uzito ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C. Humo mna haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, ila nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha ukaua, unaweza kujibu shtaka la kuua bila kukusudia. Nilimweleza shemeji kwamba kijana anayetoka mbio na fedha zako, amekupa mgongo, hatishii tena uhai wako. Alinyamaza kidogo, kwa sababu picha aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa hiyohiyo ya mgongo wa kijana. Hili linabadilisha hata aina ya silaha ya kutafuta. Bastola ya kulinda uhai hutumika kwa umbali wa chumba, mita 3 hadi 7, wala hakuna haja ya kutafuta inayofika ng'ambo ya barabara.

Sasa tuingie ndani. Shemeji anakaa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, mlango mkubwa, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma kuna jiko na choo. Vyumba viwili amepangisha. Usiku mmoja tulisimama kwenye mlango wa chumba chake cha kulala tukiwa na futi ya fundi. Kutoka hapo hadi mlango wa mbele ni mita 6 na nusu. Nikamuuliza nyuma ya mlango ule kuna nini. Kuna barabara, na ng'ambo yake baraza ya jirani ambako wazee hucheza bao hadi usiku. Kushoto kuna chumba cha watoto. Kulia yupo mpangaji na mkewe. Upande pekee ambao risasi ingeweza kwenda bila kumkuta mtu ulikuwa ukuta wa uani.

Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde, ambao ni zaidi kidogo ya mwendo wa sauti. Bati haliizuii. Dari ya plaiwudi haiizuii, wala mlango wa mbao, wala ukuta wa fito na udongo usiutegemee. Tofali la saruji lililojaa kwa kawaida huisimamisha, lakini katika ukuta huohuo wa tofali kuna dirisha na mlango. Zipo risasi ambazo kichwa chake kina shimo, zikipiga mwili hutanuka na kupunguza mwendo, hivyo hatari ya kutokea upande wa pili na kumpata asiyehusika hupungua. Zile ambazo kichwa chake kimefunikwa shaba bila shimo, ambazo hufaa kwa mazoezi, hupenya zaidi. Hata hivyo hakuna risasi inayomwangusha mwizi kisha ikasimama kwa heshima mbele ya kitanda cha mtoto. Kwa nyumba zetu zilizobanana, hili lizingatiwe kabla ya kitu kingine chochote.

Uamuzi wa kwanza wa shemeji kwa hiyo ulihusu nyumba. Wakisikia mlango unavunjwa, watoto wote wanakimbilia chumba cha wazazi, mlango unafungwa kwa komeo, mkewe anapiga 112, yeye anakaa pembeni ya kitanda akiuelekea mlango mmoja tu. Hatoki kwenda kumsaka mtu ukumbini gizani, ambako anayekutana naye anaweza kuwa mpangaji anayetoka chooni. Tuliweka taa ya ukumbini inayowashwa kutoka chumbani, na komeo la pili mlango wa mbele. Gharama yake ilikuwa ndogo mno kulinganisha na silaha, na naamini kwa dhati kwamba vimemlinda zaidi kuliko bastola itakavyomlinda.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi mapema: bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote kuitumia kwa shabaha. Bunduki ndefu inashikwa kwa mikono miwili na bega, haiyumbi. Mkulima wa machungwa Muheza anayelinda nyumba yake shambani, na hana haja ya kutembea na silaha, aanze kuifikiria bunduki ya marisau, hiyo inayoitwa shotigani, kabla ya bastola. Shemeji yeye hubeba fedha kutoka dukani kwenda benki. Hawezi kupita sokoni na shotigani. Hapo ndipo bastola inapopata sababu.

Tukaingia kwenye risasi, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa namba hazisemi kile zinachoonekana kusema. Mtu atakuambia bastola yake ni "tisa". Tisa ipi? Kuna tisa ya kawaida, 9×19, iliyobuniwa na Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, mwaka 1902, na ndiyo iliyoenea duniani kuliko nyingine za bastola. Kuna tisa fupi, 9×17, ambayo Wamarekani huiita .380, ya mwaka 1908. Na kuna tisa ya Makarov, 9×18, ya Warusi, iliyoingia jeshini mwaka 1951 pamoja na bastola yenye jina hilo. Kipenyo cha kichwa chake ni milimita 9.27, kikubwa kidogo kuliko wenzake. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni urefu wa ganda. Hizi tatu haziingiliani. Ukinunua bastola ya Makarov kwa sababu uliipata kwa bei nzuri, kisha duka lenye leseni likawa na 9×19 pekee, umenunua nyundo isiyo na msumari.

Ya kushangaza zaidi ni .38 ya revolva, bastola ya silinda inayozunguka, iliyoanza mwaka 1898. Mtu akisikia thelathini na nane anadhani ni jitu. Kipenyo chake hasa ni milimita 9 na chembe, sawa na tisa. Ganda lake ni refu kwa sababu lilitokana na zama za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Tisa hubeba baruti ya kisasa katika ganda fupi, na kwa kawaida huwa na nguvu zaidi. Ushauri wangu wa aina ya risasi ni mwepesi: uliza kwanza kinachouzwa kihalali na kwa uhakika mwaka mzima, kwa bei itakayokuruhusu kufanya mazoezi. Kwa mara nyingi jibu litakuwa 9×19.

Revolva au ile ya magazini, kisanduku cha risasi kinachoingizwa ndani ya kitako? Wazee wetu waliipenda revolva, na kuna sababu. Samuel Colt alipata hataza ya yake Marekani mwaka 1836, na umbo lake la msingi halijabadilika sana: silinda inayozunguka, yenye vyumba 5 au 6. Kwa revolva za kisasa unavuta triga, silinda inazunguka, risasi inatoka. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja nyingine. Haihitaji kukoki kwa kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ambayo mtu mwenye ugonjwa wa viungo au mikono dhaifu huweza kushindwa nayo kabisa. Lakini triga yake, nyundo isipovutwa nyuma kwanza kwa kidole gumba, ni nzito, karibu kilo 5. Jaribu kunyanyua dumu la lita 5 kwa kidole cha shahada huku ukijaribu kutotikisa mkono, utaelewa kwa nini risasi nyingi za revolva, kwa anayetumia mkono wa kulia, huenda chini kushoto. Revolva ikikwama kweli, hukwama kwa namna inayohitaji fundi.

Bastola ya magazini ina triga nyepesi zaidi. Ya Glock ni kama kilo 2 na nusu. Inabeba risasi nyingi, inajazwa haraka. Udhaifu wake ni kwamba inataka mkono imara. Ukilegeza kifundo cha mkono, slaidi hairudi vizuri na ganda hubanwa. Na ina mtego mmoja ambao umeua watu duniani kote: kutoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha ingia chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Mtu anachomoa magazini, anaamini bastola ni tupu, anamwonyesha rafiki. Mpangilio sahihi ni magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe nyuma, kisha jicho liangalie chemba na kidole kiiguse. Nilimfanyisha shemeji hivyo kwa bastola yangu tupu mara nyingi hadi mkono wake ukazoea bila kuambiwa.

Ukubwa ndio uliomkosesha mara ya kwanza. Alitaka ndogo kabisa, ya kuingia mfukoni. Wengi hutaka hivyo, na wanawake hushauriwa hivyo kila siku na wanaume wanaowatakia mema. Ni ushauri mbaya kwa mwanafunzi. Chukua revolva ndogo ya aluminiamu ya gramu 400 na kidogo, linganisha na Glock 19, ya mwaka 1988, yenye karibu gramu 600 bila risasi, au na CZ 75 ya iliyokuwa Chekoslovakia, chuma kitupu cha karibu kilo moja. Teke la risasi ni lilelile, ila likikuta chuma kizito husukuma polepole, likikuta chepesi hupiga. Silaha nyepesi ikikuumiza mkono siku ya kwanza, siku ya pili utaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na tabia hiyo ikiingia ni kazi kuitoa.

Kisha kuna umbali kati ya alama ya mbele na ya nyuma ya kulengea. Tuseme mkono umeteleza kiasi cha alama ya mbele kukosea milimita 1 tu. Kwenye bastola ambayo alama zake zimeachana milimita 150, kosa hilo kwa mita 7 huwa sentimita 4.7. Zikiwa zimeachana milimita 100, huwa sentimita 7. Ndogo huzidisha kosa kwa karibu nusu, na mwanafunzi ana makosa mengi kuliko mwalimu. Kwa hiyo bastola ya mfukoni humfaa zaidi aliyekwisha jifunza. Kwa anayeanza, chukua ya wastani, kiganja kizima kienee kwenye kitako, kidole cha mwisho kisining'inie hewani, na ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuipinda bastola.

Kuhusu kutembea nayo, niseme la wazi kwa watu wa hapa. Joto la Tanga halikupi koti. Shati jepesi linaonyesha kila kitu kiunoni, kikoi hakibebi bastola hata kidogo, na kanzu haikupi njia ya kuifikia. Utahitaji mkanda mgumu na mfuko wa bastola unaofunika triga yote, unaokaa mahali pamoja siku zote. Kuichomeka kiunoni bila mfuko, kama wafanyavyo kwenye filamu, ni kujitafutia risasi ya paja. Shemeji huswali jamaa. Akisujudu, shati linapanda. Hawezi kuiacha kwenye droo ya duka, hawezi kumpa kijana wa duka amshikie, maana leseni ni ya mtu kwa jina lake. Tukakubaliana kwamba duka lazima liwe na sefu yake iliyofungwa kwa bolti, na bastola itabebwa tu saa za kwenda benki. Saa nyingine zote ikae imefungiwa. Na siku ya pombe, kwa wanaokunywa, bastola ibaki ndani ya sefu.

Chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, hata bawaba za madirisha ya Raskazone, mtaa wa ufukweni hapa Tanga, zinaoza, sembuse chuma kilichokaa kiunoni na jasho. Ile rangi nyeusi ya buluu kwenye bastola za zamani ni tabaka jembamba sana la kutu iliyodhibitiwa, nayo bila mafuta haihimili pwani. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Niliiweka masika moja ndani ya mfuko wake wa ngozi, kabatini, nikidhani ninaitunza. Ngozi ilinyonya unyevu na jasho, ikaukumbatia mtutu. Nilipoitoa, upande mmoja ulikuwa na vidonda vya kutu ambavyo havikutoka tena. Tangu hapo nasema: kwa mtu wa Tanga au Bagamoyo, bastola yenye kitako cha plastiki ngumu na chuma cha stenlesi, au kilichotiwa rangi ya kisasa ya kuzuia kutu, si anasa. Ihifadhiwe nje ya mfuko wa ngozi, ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kubebwa, na ndani ya sefu kuwe na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mafuta yasiwe mengi, yakitiririka kwenye risasi yanaweza kuharibu kiwashio chake.

Sefu yenyewe sikumruhusu aibishanie. Ana watoto watatu. Mtoto anajua kilipofichwa kila kitu nyumbani kabla hata baba hajakisahau. Juu ya kabati na chini ya godoro si maficho. Sefu ndogo ya namba, imefungwa ukutani, namba wanaijua wenye leseni tu. Nikamwambia pia jambo ambalo ni zito kulisema kati ya mashemeji: nyumbani kukiwa na mtu aliyekata tamaa ya kuishi, bastola isikae humo hata siku moja. Dakika chache za huzuni kuu, bila silaha karibu, mara nyingi hupita na mtu akaishi.

Hatimaye akaenda kwa mwalimu kwa ajili ya cheti, akiwa na vizibo vya masikio, maana mlio wa bastola hufika desibeli 160 hivi, na 140 zinatosha kuharibu usikivu papo hapo. Alijaribu tatu. Revolva ndogo aliyoitamani ilitawanya risasi zake 5 karatasi nzima kwa mita 7, akabaki anasugua kiganja. Ile kubwa ya chuma ilipiga vizuri lakini kidole chake kilifika kwenye triga kwa shida. Ya wastani ya 9×19 ikaweka risasi zake ndani ya sahani ya chai. Alinitumia picha ya karatasi hiyo bila neno lolote.

Ombi lake sasa liko wilayani. Siku hizi hufunga duka kabla ya Magharibi, na fedha nyingi huzituma kwa simu badala ya kuzibeba. Sefu ya nyumbani imeshafungwa ukutani, na kwa sasa ndani yake kuna hati ya nyumba na vyeti vya watoto.